Sentensi za masharti kwa wanafunzi watu wazima: daftarini wanazijua, barazani zinawapotea

Mwalimu wa Jioni (Unguja)

Assalaam alaykum wenzangu. Ninafundisha Kiswahili kwa wageni watu wazima, siku tatu kwa wiki baada ya saa za kazi, na darasa nililo nalo sasa lina watu saba, miongoni mwao muuguzi, mhandisi wa maji, mwalimu mstaafu na vijana wawili waliokuja kufanya utafiti. Wote wamekwishavuka hatua ya salamu na manunuzi, na mwezi huu tumeingia kwenye sentensi za masharti. Hapo ndipo nilipokwama, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu.

Nilianza kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe, yaani kwa jedwali: safu ya kwanza -ki- na ukanushi wake -sipo-, safu ya pili -nge- na -singe-, safu ya tatu -ngali- na -singali-, kisha mazoezi ya kujaza nafasi. Walijaza vizuri mno. Nikawapa na lile zoezi la siku zote, "Ungekuwa rais, ungefanya nini?", wakaandika kurasa nzima, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Juma lililofuata yule muuguzi alinisimulia jambo lililonikosesha usingizi. Mama mwenye nyumba anayopanga alimwalika kwenye maulidi ya familia, naye akajibu, "Siwezi kuja. Nina kazi." Mama alinyamaza, akasema "Haya", na tangu siku hiyo salamu za asubuhi zimepoa. Nilimuuliza kwa nini hakusema, "Ningekuja, ila siku hiyo niko zamu." Alinitazama kwa mshangao, akafungua daftari na kunionyesha kwa kidole: hapakuwa na mahali popote nilipomwambia kwamba -nge- inaweza kusimama peke yake. Kwa mujibu wa jedwali langu, sentensi yenye -nge- moja ilikuwa imekosa nusu yake, na yeye ni mwanafunzi mtiifu, hasemi sentensi yenye kasoro.

Mhandisi naye, ninapokwenda naye sokoni Darajani, humwambia muuzaji, "Kama unapunguza bei, mimi nanunua mbili." Muuzaji anaelewa na biashara inafanyika, lakini hakuna mtu wa hapa ambaye angesema hivyo, angesema, "Ukinipunguzia, nitachukua mbili." Mwingine husema "kama nikikuja", makosa mawili katika maneno mawili.

Naomba kujua mnatumia mada zipi za maisha ya kila siku ili masharti haya yatoke kinywani bila kupitia daftarini. Pili, je, -ngali- ifundishwe kwa watu wazima ambao haja yao ni kuzungumza tu?

---

Jiko la Makaa (Tanga)

Waalaykum salaam, Mwalimu. Mimi sina darasa, nina jiko. Wanafunzi wangu huja wawiliwawili nyumbani, na somo la masharti nimelifanya kuwa wali wa nazi kwa miaka mingi sasa, kwa sababu sijapata bado kazi nyingine ya nyumbani ambayo kila hatua yake inaningojea niseme "ki".

Tunakuna nazi kwenye mbuzi, tunakamua tui zito na kuliweka pembeni, tunakamua la pili, jepesi. Hapo ninaanza kuamrisha, na mwanafunzi anatenda kwa mikono huku akirudia kwa mdomo. Tui likianza kuchemka, koroga. Ukiacha kukoroga, litakatika. Mchele ukikaribia kuiva, tia tui zito. Maji yakikauka, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Moto wa chini ukizidi, utapata ukoko. Maji yakizidi, utakula bokoboko. Mwanafunzi hahitaji kuelezwa maana ya sharti, kwa sababu analiona likitokota mbele yake, na asipolitimiza atalila.

Lakini faida kubwa sikuipanga, niliiokota. Siku moja wali uliungua. Tulipokaa mkekani, mmoja wao, mwanamume mtu mzima mwenye heshima zake, akamgeukia mwenzake kwa hasira ya kweli: "Ungepunguza moto, wali usingeungua!" Mwenzake akajibu papo hapo, "Ungeniambia mapema, ningepunguza!" Walikuwa wametumia wiki mbili wakijaza -nge- kwenye nafasi za wazi bila hata mmoja wao kuitamka nje ya zoezi, na hapo ikatoka mara nne ndani ya dakika moja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Tangu siku hiyo ninafundisha tukio moja mara mbili: kabla halijatokea, kwa -ki-, kama nasaha, na baada ya kuharibika, kwa -nge-, kama lawama. Asubuhi, "Usipoanua nguo, zitalowa." Jioni, "Ungeanua nguo, zisingelowa." Watu wazima wana akiba kubwa ya lawama, Mwalimu. Urais hawajawahi kuupata, lakini nguo zao zimekwishalowa mvuani.

---

Msomaji wa Sarufi (Dodoma)

Ninamshukuru Bi wa Jiko, na somo lake la wali nitaliiba. Hata hivyo, kwa kuwa Mwalimu ameuliza juu ya -ngali-, sina budi kusema kwamba sentensi iliyosemwa mkekani, kwa Kiswahili sanifu, ingekuwa "Ungalipunguza moto, wali usingaliungua." Wali umekwishaungua na hakuna wa kuuokoa. Sufuria ingekuwa bado iko mekoni na mkono wa mtu unaweza kuyafikia makaa, hapo -nge- ingekuwa mahali pake. Tofauti hiyo ni ya maana: -nge- ni mlango uliorudishwa, -ngali- ni mlango uliofungwa kwa kufuli. Na zisichanganywe ndani ya sentensi moja. "Ungepunguza moto, wali usingaliungua" ni sentensi yenye miguu miwili ya viatu tofauti.

Kuhusu "kama nikikuja", kosa la kwanza ni rahisi kulieleza: -ki- tayari ndiyo "kama", kwa hiyo kuziweka pamoja ni kumlipa konda nauli mara mbili. La pili linahitaji maelezo, na nimeona kuwa watu wazima, tofauti na watoto, hutulia wakipewa sababu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Vitenzi vyenye shina la silabi moja, kama -ja, -la na -nywa, vikipata kiambishi chenye uwezo wa kubeba mkazo huo, ku- huondoka; -ki- anao uwezo huo, ndiyo maana tunasema "nikija", "ukila". Lakini -nge-, -ngali- na -sipo- hazibebi mkazo, kwa hiyo ku- hubaki ili kuubeba: "ningekuja", "ungalikula", "asipokunywa". Waambie wapige makofi kwenye silabi yenye mkazo. Wahandisi hasa hupenda sana.

Nyongeza moja ya hadhari. Mwanafunzi wangu mmoja alikutana na methali "Samaki mkunje angali mbichi", akakaa usiku mzima akitafuta sharti liko wapi. Hiyo "angali" ina maana ya "bado yu" na haina uhusiano wowote na jedwali la Mwalimu. Mtajieni mapema, kabla hajaipata mwenyewe.

---

Abiria wa Kivukoni (Dar es Salaam)

Msomaji, kwa heshima zote, mtu atakayemwambia konda "Ungalinishusha pale kituoni, nisingalitembea" atatembea kweli, kwa sababu gari zima litakuwa linacheka. Mjini watu wamekwishaifanya -nge- kubeba wakati uliopo na uliopita. Nyumbani kwetu, umeme wa LUKU ukikatika usiku kabla ya mtu kununua yuniti, lawama inayosikika gizani ni "Ungenunua mchana, tusingekaa gizani", na giza limekwishaingia. -ngali- wafundisheni kuitambua watakapoikuta vitabuni na kwenye hotuba, lakini msiwalazimishe kuisema.

Zoezi la urais mimi nililifuta zamani. Badala yake ninawapeleka wanafunzi kwa fundi cherehani, wasimame tu na kusikiliza kwa nusu saa. Fundi anaishi kwa masharti: ukileta kitambaa leo utapata Ijumaa, ukitaka bitana utaongeza pesa, umeme usipokatika nitamaliza jioni. Na mteja aliyeahidiwa Ijumaa iliyopita naye yupo pale pale, na sentensi zake zote zinaanza na "ungeniambia".

---

Msomaji wa Sarufi (Dodoma)

Konda si kipimo cha usanifu. Lakini ninakubali kwamba kuitambua kwanza na kuisema baadaye ni mpango wa busara, na nimewahi kumsikia hata mhadhiri akisema "ungeniambia jana, ningekuja" bila kutahayari.

---

Mpangaji wa Ghorofa ya Nne (Ujerumani)

Ninaandika kutoka mbali kidogo na soko la Darajani. Ninafundisha madarasa ya jioni ya watu wazima katika nchi ambayo imekuwa ikifundisha Kiswahili kwa muda mrefu, kwani chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kilikuwa nacho miongoni mwa masomo yake tangu mwanzo. Ninataka kuongeza mambo mawili yanayotokana na lugha ambazo wanafunzi wanakuja nazo.

La kwanza ni hili. Mwanafunzi anayezungumza Kiingereza huuliza kila mara kama "nikifika nitakupigia" ina maana kwamba huenda asifike, kwa sababu lugha yake inamlazimisha kuchagua kati ya neno la shaka na neno la wakati. Mjerumani hana swali hilo, kwa kuwa neno lake *wenn* hubeba yote mawili, kama ilivyo -ki- yetu. Kwa hiyo nikiwa na wanafunzi mchanganyiko, hufuta kabisa kichwa cha habari kinachosema kwamba -ki- ni ya shaka, na kuwapa sentensi moja ya wazee: "Nikifa, nizikeni kwetu." Hakuna mzee anayetilia shaka kwamba atakufa. Kiambishi hiki hakisemi kwamba jambo lina mashaka. Kinasema kwamba jambo la pili linalingoja la kwanza. Wakishalipata hilo, tofauti na "nitakapofika" huja yenyewe, kwamba pale msemaji ameshaiweka saa ya kufika kichwani mwake.

La pili ni ushauri wao. Wengi huleta sentensi ya "kama ningekuwa wewe", waliyoibeba nzimanzima kutoka kwao. Inaeleweka, lakini sisi tukishauri huwa hatujivishi nafsi ya mwenzetu, tunabaki na yetu: "Ingekuwa mimi, nisingekubali." Ninawafundisha hiyo kama kifungu kimoja kisichofumuliwa, na wanaipenda, kwa sababu kuna raha katika kutoa ushauri ambao haukuombwa.

Juu ya mada, sikubaliani kabisa na dhana kwamba maisha ya kila siku ni lazima yawe ya kwetu. Wanafunzi wangu hawajawahi kupanda daladala, na nilipowapa mazungumzo ya kituoni Mwenge waliyasoma kama hadithi ya kale. Kila siku yao ni treni. Nilipowauliza, "Treni ikichelewa dakika kumi, utafanyaje?", darasa zima liliamka: nitakosa ya kuunganisha, nikiikosa nitachelewa kazini, nikichelewa tena mkuu wangu ataniita, akiniita nitamwonyesha tiketi. Kila mtu aliongeza pingili yake kwenye mnyororo, na mama mmoja mkimya ambaye kwa miezi mitatu hakuwa amesema zaidi ya jina lake akamaliza kwa kusema, "Asiponiamini, nitaacha kazi." Tulikaa kimya kidogo, kwa sababu ilionekana wazi kwamba halikuwa zoezi. Mwalimu wa Jioni ana bahati kwamba kila siku ya wanafunzi wake na ya Waswahili ni moja; awatume hospitalini, msibani na kwa mwenye nyumba, lakini kwanza awaulize wao wenyewe ni nini kiliwaudhi juzi.

---

Jiko la Makaa (Tanga)

Msisahau methali. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta", "Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname", "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji", "Ukipenda boga, penda na ua lake." Kila moja ni sharti lililokamilika, fupi kiasi cha kukaa mdomoni. Mimi huwapa nusu ya kwanza tu, wao wanatafuta nusu ya pili kwa majirani, na hawaruhusiwi kutumia simu.

Na ile -nge- ya peke yake aliyoisema Mwalimu, isifichwe kamwe nyuma ya jedwali. Ndiyo inayotumika zaidi nyumbani kuliko zote. "Ungekaa kidogo", "Ungekula kwanza", "Ningependa kumwona mama", "Ningekuja, ila..." Nusu iliyobaki haisemwi kwa sababu wote wawili wanaijua. Mgeni akiambiwa "ungekaa kidogo" akauliza "kama nini?", huyo amefundishwa sarufi tu.

---

Mwalimu wa Jioni (Unguja)

Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninawaomba radhi kwa ukimya wangu.

Jedwali nimelitoa ukutani. Tulianza kwa swali la Mpangaji, nini kilikuudhi juzi, na nilipata mambo ambayo nisingeyapata kwa mwaka mzima wa mazoezi: mhandisi kauziwa pweza wa jana, mstaafu kasimamishwa kituoni na daladala iliyojaa, kijana wa utafiti kanyeshewa na karatasi zake. Kila tukio tulilisema mara mbili kama alivyoelekeza Bi wa Jiko, asubuhi kwa nasaha na jioni kwa lawama. Makofi ya mkazo nayo tumepiga, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna arusi, na "nikikuja" imetoweka. "Kama" pamoja na -ki- bado inajitokeza wanapochoka, hasa kwa mstaafu, nami nimeamua kutoigombeza sana.

Kisha tulifanya kazi moja tu ya kukataa. Nilisimama mlangoni nikiwaalika mmoja mmoja: njoo arusini, njoo ule, njoo Ijumaa tukavue. Masharti yalikuwa mawili, kwamba neno "siwezi" halitumiki, na kwamba sentensi iishie njiani. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Walisema "ningekuja" vizuri, lakini kila mmoja alitaka kuimaliza, kama mtu aliyeacha mlango wazi nyuma yake. "Ningekuja kama nisingekuwa na kazi ambayo..." Nikawakatiza kwa mkono kila mara, mpaka "Ningekuja, ila leo..." ikaweza kubaki hewani bila wao kutetemeka.

Muuguzi alikwenda kwa mama mwenye nyumba akiwa na kaimati, akamwambia kwamba siku ile ya maulidi angekuja, ila alikuwa zamu ya usiku. Anasema mama alimtazama, akacheka, akampigia makofi ya mkononi na kumjibu, "Mwanangu, ungelisema hivyo siku ile, ningelikuwekea sahani ya pilau."

Amekuja darasani akiwa na furaha kubwa na swali moja, kwamba hiyo -ngeli- iko safu gani, maana katika jedwali langu la zamani hakuiona. Msomaji wa Sarufi anajua kwamba ilikuwa Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hapa Mswahili wa Unguja mwenyewe, tena bibi mwenye wajukuu, amemsemesha mwanafunzi wangu kwa kiambishi ambacho sikukiweka hata pembeni. Nimemweleza kwamba ni ndugu yake -ngali-, kwamba baadhi ya watu wa pwani husema hivyo, na kwamba kwenye mtihani aandike -ngali-. Akauliza, "Na kwa mama niseme ipi?" Nikamwambia kwa mama aseme kama mama.